Kujijua mbele ya kuchagua seksio

Kwetu Kongo, mwanafunzi akimaliza mwaka wa 8 anafanya mtihani wa TENASOSP, kisha anachagua seksio: sayansi, pedagojia, komersiale, ushonaji ao nyingine. Ni njia ya miaka 4 ya humanite, mpaka Exetat.

Wengi wanafuata rafiki ao matakwa ya baba. Lakini mtoto anaweza kujipima: somo gani anapata pointi bila kusukumwa? Kazi gani anafanya bila kuchoka? Mwalimu na dada nyumbani wanaona nini ndani yake? Wakati wa vakansi, akae siku chache karibu na fundi ao muuza duka, ajaribu.

Anayebadilisha seksio katikati anaweza kupoteza mwaka, na minervali iliyolipwa hairudi.