Kuku anaumwa, bustani imekauka: jinsi ya kuomba ushauri kwa watu usiowajua mtandaoni

Makala hii ni kwa ajili yako wewe mkimbizi au mwomba hifadhi unayeishi Bujumbura, unayefuga kuku wachache uani, unayelima mboga kwenye magunia, au unayeshona na kufuma nyumbani. Ukikwama, huenda unauliza kwenye makundi ya WhatsApp au Facebook ambako wengi wanaojibu hujawahi kuwaona. Msaada mzuri upo huko. Lakini anayekujibu hapotezi kitu akikosea, na wewe unaweza kupoteza kuku wote ambao ulitegemea wakusaidie kulipa kodi ya nyumba.

Uliza swali linalojibika

Ukiandika “Kuku wangu anaumwa, nimpe nini?”, utapewa majina ya dawa kumi. Eleza uko wapi, una kuku wangapi, wana umri gani, wangapi wanaumwa, ilianza lini na umeona nini. Kwa mfano: “Niko Bujumbura. Nina kuku 8 wa kienyeji wa miezi 5. Tangu juzi 3 wanaharisha kijani, wanahema kwa shida, na mmoja amepinda shingo. Hawajawahi kuchanjwa.”

Kwa swali kama hilo, mfugaji mzoefu atashuku mara moja kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Unasababishwa na virusi na hauna dawa ya kuutibu. Yeyote anayekuambia ufungue vidonge vya binadamu vya antibiotiki na kuwachanganyia kwenye maji anakupotezea pesa, na mabaki ya dawa hiyo yanaweza kubaki kwenye mayai mnayokula. Watenge wanaoumwa, usiingize kuku wapya, na waliokufa wafukie chini sana au wachome moto. Kinga ni chanjo, nayo hutolewa kwa kuku wazima kabla ugonjwa haujaingia. Chanjo ya aina ya I-2, kwa mfano, ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4.

Kuna ushauri mmoja utakaousikia karibu kila mara: “Wauze haraka kabla hawajafa.” Tunaelewa kwa nini unavutia. Ila kuku hao watabeba ugonjwa hadi sokoni na hadi kwenye ua wa jirani. Tafuta veterineri wa komine yako, hata kama umeshachelewa kuokoa wanaoumwa.

Anayekujibu yuko wapi?

Jibu linaweza kuwa sahihi kabisa huko kwake na lisikufae hapa. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kuna joto. Goma iko karibu mita 1,500. Mtu aliyezoea kulima viazi ulaya kwenye baridi ya Masisi au Kalehe atakupa ushauri wa huko. Wa Mombasa atakuambia upande mwezi wa tatu, mvua za masika zinapoanza. Hapa mvua kwa kawaida huanza Septemba au Oktoba, na miezi ya Juni hadi Agosti ni kiangazi, wakati ambapo gunia la mboga linahitaji maji kila siku.

Majina nayo yanachanganya. Lengalenga yako ni mchicha kwa Mtanzania na terere kwa Wakenya wengi. Sombe ni kisamvu. Tuma picha ya jani, pande zote mbili, ikipigwa mchana.

Sheria pia hutofautiana. Mtu wa nchi nyingine anaweza kukuambia uwaachie mbuzi na kuku wajitafutie chakula. Burundi ina sheria ya Oktoba 2018 inayokataza mifugo kuzurura, wakiwemo ndege wa kufugwa. Wafuge ndani ya banda au uzio.

Mbwa akiuma, usianze na simu

Hapa usisubiri jibu la mtu yeyote mtandaoni. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo na hata kama mbwa ni wa jirani. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majivu, na usiweke jiwe jeusi. Kichaa cha mbwa huzuilika kwa chanjo inayotolewa mapema baada ya kuumwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Watoto huficha kwamba wameumwa kwa kuogopa kuchapwa, kwa hiyo waambie mapema kwamba hawataadhibiwa.

Mambo mengine hayahitaji tahadhari yote hii. Cherehani inayokata uzi, mshono wa sweta, nyuzi za gitaa, maji ya sabuni kwa vidukari kwenye majani: jaribu, na ukiharibu utarudia. Dawa ya wadudu iliyopimwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo usiitumie kamwe, hata ikisifiwa na kundi zima.

Unajulikana zaidi ya unavyodhani

Kabla ya kutuma picha ya bustani, angalia nyuma yake. Je, unaonekana mlango, namba ya nyumba, uso wa mtoto, sare ya shule? Kama kuna mtu uliyemkimbia, hizo zinamtosha kukupata. Taja jiji tu, usitaje mtaa.

Jihadhari pia na anayekufuata kwa ujumbe wa faragha akikuuzia vifaranga kwa bei ya chini na kutaka utangulize pesa kwa Lumicash. Nunua kwa mtu unayeweza kumwona na kuku unaoweza kuwashika. Na hakuna ushauri wa bustani unaohitaji picha ya kadi yako ya mkimbizi. Ukiombwa, usitume. Kama umeshaituma, au mtu ameanza kukutisha, hifadhi ujumbe wake bila kuufuta na uupeleke ONPRA au UNHCR.