Upepo wa Dodoma hautoshi: moshi wa kuchomelea vyuma tangu enzi za Kongwa

Agosti 31, 2026, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, unatimiza miaka 25, na unastahili pongezi zake. Makao makuu yake yako Dodoma, jiji ambalo tangu itangazwe mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia hapa halijapumzika kujenga. Kila nyumba inayoinuka inataka geti, grili, kenchi na mnara wa tangi la maji, na vyote hivyo vinatoka mikononi mwa mafundi wa kuchomelea. Habari za moshi wanaouvuta haziandikwi sana. Kwa nyanda hizi za kati, habari hizo zinaanzia nje ya jiji, Kongwa.

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na kuleta kazi za chuma, hilo linafahamika. Lakini mitambo mizito kwa mamia ililetwa na karanga.

Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu za Tanganyika na nchi jirani, ikaanzia Kongwa. Hapa namfuata zaidi Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari wa shirika lililosimamia mradi huo, akauacha na mwaka 1950 akatoa kitabu chake, The Groundnut Affair. Matrekta yalinunuliwa popote yalipopatikana, mengi yakiwa masalia ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Baadaye hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta katika kiwanda cha Vickers, Uingereza. Mitambo hiyo ikakutana na ardhi ya Ugogo: vichaka vyenye mizizi iliyosokotana, mibuyu isiyong'oka, na udongo wenye changarawe kali ambao mvua ikikatika hukauka ukawa mgumu kama saruji na kula chuma cha jembe.

Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala. Lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizosafishwa hazikufika 10,000. Wapangaji walihesabu ekari na tani kwenye karatasi, huku waliokuwa porini wakililia vipuri na karakana. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikapotea. Hasara hiyo inatajwa hadi leo katika vitabu vya historia ya Tanganyika. Mimi nawafikiria waliokuwa wakiifufua mitambo ile. Buldoza lililovunjika bledi halitengenezwi bila kukatwa kwa gesi na kuchomelewa upya, na kazi hiyo hufanywa kwa kuinama juu ya chuma saa nyingi. Pauni zina hesabu yake. Mapafu yao hayana.

Mwaka 1950, Kongwa ikiwa inakata roho, Tanganyika ilipata Sheria ya Viwanda, Sura ya 297. Ilifuata nyayo za sheria ya Uingereza ya 1937, iliyokuwa imeshaagiza jambo la maana sana: pale kazi inapotoa vumbi au moshi wa kudhuru, na inapowezekana, kiwekwe chombo cha kuunyonya, tena karibu kabisa na mahali unapotokea. Mwaka 1983 Tanzania ikaridhia Mkataba namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu hewa chafu, kelele na mitetemo kazini. Mkataba huo unapanga utaratibu ulio wazi: kwanza hewa isafishwe kwa mitambo na kwa jinsi kazi inavyopangwa, barakoa huja pale tu hayo yanaposhindwa kutosha. Ikafuata OSHA mwaka 2001, na Sheria namba 5 ya 2003 iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni.

Kwa hiyo tatizo letu halijawahi kuwa sheria. Tumeupindua utaratibu: tunaanza na barakoa, tena ya kitambaa, kisha tunauachia upepo kazi iliyobaki.

Imani hiyo ya upepo ina sababu. Dodoma ina upepo mwaka mzima, na mabanda mengi ya kuchomelea yako wazi pande mbili au tatu. Lakini mtazame fundi akiwa kazini. Amechuchumaa, chuma kiko chini, kichwa kiko juu ya elektrodi. Moto ule unachemsha chuma hadi kinakuwa mvuke, mvuke unapoa hewani na kuwa chembe ambazo nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Moshi unapanda wima na kupita puani kwake kabla upepo haujaugusa. Upepo ukivuma kweli, unampelekea moshi huo kijana anayeshika chuma upande wa pili. Na anayetumia mashine ya gesi hawezi kuuacha uvume, kwa kuwa unapeperusha gesi inayolinda kiungo. Anatundika turubai, na turubai linaufungia moshi ndani. Wengine wanafanya kazi ndani ya kontena kwa kuogopa wezi. Humo hakuna upepo kabisa.

Mabomba yenye zinki yana shari yake. Moshi wake ni mweupe. Saa chache baadaye fundi anatetemeka kwa baridi, mdomo una ladha ya chuma, na kesho yake au keshokutwa amepona. Wazungu waliieleza homa hii kwa wafua shaba tangu karne ya 19. Hapa ni rahisi kuiita malaria na kuimezea dawa, ingawa Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini.

Kisha kuna maziwa. Wapo waajiri wanaoyatoa kila jioni kwa nia njema, wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Moshi umekwenda mapafuni, na maziwa hayafiki huko.

Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, waliokutana Lyon, waliuhamisha moshi wa kuchomelea kutoka kundi la vitu vinavyoshukiwa na kuuweka kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa uhakika. Mwaka 2019 wakaguzi wa Uingereza wakatamka kwamba madirisha na milango wazi havitoshi hata kwa chuma cha kawaida, na kwamba anayechomelea nje naye avae kinga ya kupumulia. Saratani ya mapafu huchukua miaka mingi kujitokeza. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, umewekwa kwa ajili ya mwenye mwajiri. Fundi anayelipwa kwa geti moja moja, leo banda hili, kesho lile, atamwonyesha nani alivuta wapi?

Chombo chenyewe cha kuunyonya moshi si cha ajabu: feni ya kunyonya, bomba, mdomo mpana, na chujio ili uchafu usiishie kwa jirani. Siri iko kwenye umbali. Mdomo wa bomba ukiwa mbali na moto kwa kipimo sawa na upana wake, nguvu ya kuvuta inabaki kama sehemu moja ya kumi tu. Ukiuning'iniza darini, umepamba banda. Mafundi bati wa Dodoma wanakunja mifereji ya mvua na vihenge vya bati kwa mikono yao, na bomba hilo hawawezi kushindwa kulikunja. Kinachokosekana ni mchoro, feni inayofaa na mkopo wa kuinunua. SIDO, shirika la viwanda vidogo, iko tangu 1973, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha uchomeleaji. Naomba OSHA iketi nao mwaka huu, ipeleke bomba la kwanza kwenye banda la mtaani, na mkaguzi arudi mara kwa mara kulipima kama bado linanyonya.