Lupango la Goma: kutoka miyenzi hadi jiwe la volkano

GOMA – Katika mji wetu neno moja linabeba vitu viwili. Ukisema lupango, mmoja anaelewa ua unaozunguka nyumba, mwingine anaelewa parsele yenyewe. Wanaosema Kinyarwanda wanafanya vile vile: urugo ni ua, na urugo ni nyumba pamoja na watu wake. Wazee hawakukosea. Kwetu ua haukuanza kama kizuizi cha wezi tu. Ulikuwa ushahidi wa nani anakaa hapa na jirani yake anaanzia wapi. Leo, wakati kila mwenye pesa kidogo anatafuta fundi wa kumjengea ukuta, ni vizuri kukumbuka tulikotoka, maana kesi nyingi za mipaka zinazaliwa siku ukuta unapoanza kupanda.

Ua wa kupandwa

Kabla ya simenti, ua ulipandwa. Mmea uliojulikana zaidi ni miyenzi, ule wenye vijiti vya kijani na utomvu mweupe. Unakata tawi, unalichomeka ardhini wakati wa mvua, linashika lenyewe. Mbuzi hawaugusi kwa sababu ya utomvu ule, na mtoto akiupata machoni ni hatari kubwa. Wengine walifunga matete juu ya vigingi vya miti. Ua wa namna hiyo haukuhitaji fundi wa kulipwa. Majirani wawili walisimama mbele ya mzee wa mahali, wakakubaliana, wakapanda.

Lakini mmea haukai pale ulipouweka. Unanenepa, unakatwa upande mmoja na kuachwa upande mwingine, na baada ya miaka mingi mpaka umesogea. Waliokubaliana wakiwa wamekufa, watoto wao wanabaki kubishana.

Wabelgiji walileta njia yao: kupima ardhi, kuchora ramani na kuweka mabone kwenye pembe za parsele. Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya 1966, kisha ile ya tarehe 20 Julai 1973, ziliirudisha ardhi mikononi mwa Serikali ya Kongo. Raia anapewa haki ya kuitumia, na ushahidi mkubwa mbele ya tribinali ni cheti cha kuandikishwa. Hata hivyo, wengi wetu tuliendelea kuamini ua kuliko karatasi. Ua unaonekana, karatasi inalala sandukuni.

Mipaka chini ya jiwe

Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka na kuua watu kaskazini ya mji. Miaka 25 baadaye, tarehe 17 Januari 2002, moto ulishuka hadi katikati ya Goma, ukapita Birere na kuingia ziwani Kivu. Karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa. Miyenzi iliungua, kuta zilimezwa, na mabone ya kadastre yakabaki chini ya jiwe la mita moja, mbili, na pengine zaidi.

Watu hawakungoja. Siku chache tu baadaye walianza kurudi, wakati jiwe lilikuwa bado na joto. Kila mmoja alikuwa na swali moja: parsele yangu iko wapi? Walipima kwa hatua kutoka ukuta uliobaki umesimama au kutoka pembe ya barabara iliyojulikana. Mwenye karatasi alikuwa na pa kuanzia. Asiye na karatasi alitegemea kumbukumbu ya majirani, na jirani aliyefika kwanza alikuwa na nguvu kuliko aliyekimbilia mbali.

Malupango ya kwanza yalikuwa mistari ya mawe yaliyopangwa bila simenti. Kisha zikaja mbao. Juu ya jiwe huwezi kuchimba shimo la nguzo, kwa hiyo nguzo ilibanwa katikati ya mawe na mbao zikapigiliwa misumari. Chukudu zilizipandisha hadi mlangoni. Ua wa mbao ulikuwa na faida inayoeleweka na watu waliokwisha kukimbia mara nyingi: unavunjwa, unabebwa, unasimamishwa mahali pengine. Ubaya wake nao tunaujua. Mvua inaozesha miguu ya mbao, mwizi anang'oa moja na kupita, na nyumba moja ikishika moto, mbao zinaupeleka kwa jirani. Wakaaji wa Birere hawahitaji kuelezwa.

Jiwe lililotuumiza likatujengea

Volkano iliyoharibu mji ndiyo iliyotupa mawe ya kuujenga upya. Vijana walivunja jiwe kwa nyundo na baramini, wakaliuza, na kuta nyeusi zikapanda. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1994 wakimbizi walipofika kwa wingi pamoja na mashirika ya misaada, kisha vita vikafuata, wenye uwezo walikuwa wameanza kuta ndefu zenye vipande vya chupa na seng'enge juu. Leo ukuta ni usalama na ni heshima pia. Lakini ukuta mrefu unamficha hata mwizi: akishaingia ndani, jirani haoni kitu.

Mei 2021 ilitupa somo lingine. Nyiragongo ilipasuka tarehe 22, moto ukasimama karibu na Buhene, lakini mitetemeko iliendelea kwa siku kadhaa na kupasua nyumba, kuta na barabara. Uzito wa jiwe peke yake haukutosha.

Ukitafuta fundi leo

Historia hii inatupa utaratibu. Kwanza mpaka, halafu fundi. Ita jirani wa kila upande, ita shefu wa avenyu, na kama una cheti, ita wa kadastre atafute au arudishe mabone. Andikeni vipimo, kila mmoja atie sahihi. Ukuta uliojengwa kwenye kipande cha mwenzako, hata ukiwa imara namna gani, tribinali inaweza kuamuru uvunjwe.

Pili, kabla ya kuuliza bei, nenda ukaone kazi ya fundi iliyokwisha kupita mvua za miaka miwili au mitatu. Muulize mwenye nyumba kama fundi alirudi alipoitwa kurekebisha. Omba devi kwa mafundi zaidi ya mmoja, na iandikwe: urefu, kimo, unene, idadi ya mifuko ya simenti, vyuma. Bei ndogo mara nyingi inatoka kwenye simenti iliyopunguzwa.

Tatu, msingi. Si kila jiwe la volkano limejaa. Pengine chini ya ngozi ngumu kuna uwazi, kwa hiyo fundi mwenye akili anapiga nyundo na kusikiliza mlio kabla ya kuweka mstari. Adai nguzo za beto zenye vyuma ndani, na mshipi wa beto wa kuzishika pamoja. Aache matundu ya maji chini, hasa kwenye mteremko, maana maji yanayosongamana nyuma ya ukuta yanausukuma hadi uanguke.

Nne, usilipe yote mbele. Toa avansi ya kuanza, lipa tena msingi ukikamilika, na ubaki na sehemu hadi mwisho. Kontra fupi ya ukurasa mmoja yenye mashahidi wawili inatosha.

Na kama mfuko hauruhusu jiwe, usione aibu. Msingi mfupi wa mawe na mbao juu yake unadumu kuliko mbao zinazogusa ardhi, na miyenzi bado inashika mvua ya kwanza ikinyesha, mradi watoto waonywe.

Jambo la mwisho ni dogo, na halina gharama kubwa. Ile karatasi ya vipimo iliyotiwa sahihi, toa kopi mbili. Moja mwachie jirani. Nyingine ipeleke kwa ndugu anayekaa mji mwingine. Mwaka 2002 karatasi nyingi ziliungua ndani ya nyumba zile zile zilizokuwa zinazithibitisha.