Nakuru: Uwanja Uliosema kwa Leseni

Siasa za Nakuru zikitajwa, wengi huanzia ukumbi wa mji, Agosti 12, 1963, Jomo Kenyatta aliposimama mbele ya walowezi wa Kizungu akawaomba wabaki walime na yaliyopita yasahauliwe. Hotuba ile ilikuwa na uzito. Lakini ilitolewa ndani ya kuta nne, kwa wenye mashamba. Kuiita sauti ya mji ni kuwasahau waliokuwa wakiyalima mashamba hayo kwa ujira.

Reli iliyofika 1900, klabu za walowezi, maonyesho yao ya kilimo: hayo yameandikwa vya kutosha. Mimi narudi Septemba 26, 1976. Siku hiyo Kihika Kimani, mbunge wa Nakuru Kaskazini, pamoja na vigogo kama Njoroge Mungai na Njenga Karume, walifanya hapa mkutano wa hadhara kudai katiba ibadilishwe, ili Rais akifariki, Makamu wake asishike hatamu kwa siku 90. Makamu huyo alikuwa Daniel arap Moi, mwana wa Bonde la Ufa, ulipo mji wa Nakuru. Oktoba 6, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akatahadharisha kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa la kunyongwa. Kampeni ikazimika.

Kisa hiki husimuliwa kama mieleka ya Njonjo na Kimani. Wanaosema umati ule ulithibitisha matakwa ya wakazi wa Bonde siwaelewi hata kidogo. Wangefungua sheria ya utulivu wa umma ya 1950, waliyoiacha wakoloni nasi tukaitunza: mkutano wa hadhara bila leseni ya mkuu wa wilaya ulikuwa haramu. Jukwaa la Nakuru lilisimama kwa sababu serikali iliruhusu lisimame. Aliyetaka kumtetea Moi mbele ya umati katika mji huohuo angebisha mlango uleule wa mkuu wa wilaya. Basi tulichonacho ni maoni ya waliopewa kipaza sauti. Ya waliosimama juani yalikwenda nao nyumbani.

Rais Kenyatta alipofariki, Moi alishika urais, akatawala miaka 24, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo leseni ilibaki palepale. Ni mageuzi ya 1997 yaliyoigeuza kuwa ilani tu, ya siku tatu au zaidi, kwa mkuu wa kituo cha polisi. Desemba 2, 2012, Uhuru Kenyatta na William Ruto waliutangaza muungano wao uwanjani Afraha, katika mji ambamo damu ilimwagika mapema 2008 katika vurugu za baada ya uchaguzi. Ulikuwa mkutano mkubwa, wenye maana kwa waliozika ndugu zao. Hata hivyo, aliyeko jukwaani alisema, aliyeko chini akapiga makofi.

Ndiyo maana anayetaka kuandika historia ya maoni ya mji huu namshauri aketi katika bustani ya Nyayo Gardens saa za mchana, gazeti moja likipita mikono kumi. Pale hakuna anayepeleka ilani polisi ili abishane na mwenzake juu ya bei ya mbolea, wala hakuna kipaza sauti cha kuzimwa.