Ultrasaundi Kwale: kutoka kichocho hadi bega la mwanamichezo

Miaka ya nyuma, kukojoa damu kulikuwa jambo la kawaida kwa watoto wengi wa Msambweni, Kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Vidimbwi walimooga na kuchezea vilikuwa na konokono waenezao kichocho. Mwaka 1984, watafiti wa Kenya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, walianzisha huko mradi wa kudhibiti ugonjwa huo. Wanafunzi walipimwa mkojo, na waliokutwa na mayai ya vimelea wakapewa dawa za metrifoneti au prazikwanteli.

Kipimo cha mkojo huonyesha mayai, lakini hakionyeshi kibofu kilivyoharibika wala figo zilivyovimba. Kazi hiyo ilifanywa na ultrasaundi. Kifaa chake hupeleka mawimbi ya sauti mwilini, nayo yakigonga mpaka kati ya nyama na maji, sehemu yake hurudi, kama sauti irudivyo ndani ya mapango ya Shimoni. Mashine hugeuza mwangwi huo kuwa picha.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalitia moyo. Watu wazima wa vijiji vilivyowahi kupata tiba walikuwa na madhara machache ya kibofu, na uvimbe mkali wa figo ulikuwa haba kuliko kwa majirani ambao hawakufikiwa. Mwaka 2015 Philip Magak, Charles King na wenzao walichapisha utafiti mwingine wa Kwale, wakifuatilia kama madhara hayo hupungua mtu mzima akitibiwa.

Hata kabla ya mradi wa Msambweni kuanza, madaktari wa ng'ambo walikuwa wameanza kuelekeza mawimbi hayo hayo kwenye bega. Mwaka 1979 Steven Seltzer na wenzake, Marekani, walichapisha uchunguzi wa bega kwa ultrasaundi. Katikati ya miaka ya 1980, vifaa vyenye picha kali zaidi viliwezesha kuona kano zilizochanika. Mwaka 1999 kampuni ya SonoSite ikatoa mashine ya kubebwa mkononi, na kipimo kikaweza kumfuata mchezaji hadi kando ya uwanja.

Kwa ufukwe wa Diani, huko huko Kwale, hatua hiyo ina maana kubwa. Msimu wa kusi na wa kaskazi, vijana hurushwa na tiara za baharini huku mikono ikivutwa kwa nguvu. Wapo waogeleaji, wachezaji wa voliboli ya ufukweni na wapiga kasia. Wote hao huinua mkono juu ya kichwa au huuvuta mara nyingi, na kano nne zinazoshikilia bega huchoka, huvimba au huchanika.

Ubora wa ultrasaundi ni kwamba bega huchunguzwa likiwa linasogea. Mtaalamu humwambia mchezaji ainue mkono hadi pale panapouma, naye huona kano inavyobanwa chini ya mfupa, au kifuko cha majimaji kilivyojaa. Hulinganisha na bega la pili. Hakuna mionzi, na gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya MRI. Hata hivyo, haioni vizuri vilivyojificha ndani ya kiungo. Tena kano iliyochakaa huonekana hata kwa mchezaji asiyehisi maumivu, kwa hiyo picha haitoshi bila maelezo ya mgonjwa na mikono ya daktari.

Katika kichocho, dunia ilikubaliana namna moja ya kusoma picha: mwongozo ulioandaliwa Niamey, Niger, mwaka 1996, ukatolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000. Mwongozo wa namna hiyo huwezesha matokeo ya mahali pamoja kulinganishwa na ya kwingine. Bega linahitaji nidhamu hiyo hiyo, kwa sababu mashine mikononi mwa asiyefunzwa hupotosha.

Kaunti ya Kwale inayo historia ya kujivunia katika kipimo hiki. Viongozi wa afya na wa michezo wakae pamoja, wawafundishe matabibu wetu kusoma bega kama walivyofundishwa wengine kusoma kibofu. Nawe mchezaji, maumivu ya bega yakikukosesha usingizi au mkono ukikataa kuinuka, usiendelee kujikanda tu, nenda ukapimwe.