Kundi, Numbi na Mauaji ya Kunguru

Mwaka 1486, mji wa St Albans nchini Uingereza ulichapa kitabu cha waungwana wapenda kuwinda. Ndani yake kuna orodha ya majina ya Kiingereza ya makundi ya wanyama na ndege. Kunguru wakiwa pamoja waliitwa mauaji, na kwezi wakaitwa mnong'ono. Mzaha nao haukukosekana: masista wa kanisa waliorodheshwa kuwa ziada. Bunge la bundi, jina lingine la Kiingereza la aina hiyo, halimo humo. Lilipata umaarufu baada ya mwandishi C. S. Lewis kulitumia katika The Silver Chair, riwaya ya mwaka 1953.

Sarufi ya Kiswahili huyaita maneno ya aina hii nomino za jamii, au nomino za makundi. Nomino ya jamii ndiyo inayotawala upatanisho. Husemwa "ndege wametua mtamani", lakini "kundi la ndege limetua mtamani".

Je, Kiswahili ni maskini kwa kuwa ndege wote hutoshelezwa na kundi? La. Utajiri wake uko kwenye vitu vinavyovunwa, kubebwa na kuuzwa: mkungu na chane za ndizi, tita la kuni, robota la pamba, doti ya khanga, korja yenye vitu 20. Wavuvi wana numbi ya samaki, warina asali wana bumba la nyuki. Ndege hawakuuzwa kwa mafungu, basi hawakuhitaji kipimo chao.

Hata wataalamu wa ndege hawaandiki "mauaji" katika ripoti zao. Wanachotaka kujua ni ukubwa wa kundi, na kama ndege wanakula, wanalala au wanataga. Mkulima wa mpunga naye hutaka hayohayo. Kwelea kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja humaliza tani 10. Ndiyo maana maofisa wa kilimo hutenganisha makundi yanayovamia mashamba na mazalia, yaani mahali penye viota.

Mnong'ono wa kwezi ni habari nyingine. Siku hizi jina hilo hutaja tukio halisi: maelfu ya ndege wanaogeuka angani kwa pamoja kabla ya kulala. Utafiti uliofanyika Roma na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kila kwezi hufuata mwendo wa jirani zake sita au saba tu, wawe karibu au mbali. Hapo istilahi inahitajika, lakini "mnong'ono" humpeleka msomaji kwenye sauti ilhali jambo lenyewe ni mwendo. "Wimbi la kwezi" lingefaa zaidi, na kwelea kwelea wanaopinda angani wangeingia humo pia.

Mfasiri aliache bunge la bundi katika hadithi za watoto, ambako mchezo wa maneno ndio shabaha. Kwenye kitabu cha sayansi au habari ya gazeti, aandike kundi la kunguru. Akiandika mauaji ya kunguru, msomaji atauliza nani kawaua.