Kibaba cha Mtu Mmoja

Mji wa Mombasa umejengwa kisiwani, na kisiwa hakina pa kutanukia. Zamani za Waingereza kazi ya gati, ya reli na ya maghala ilikuwa huko huko kisiwani, na kodi ya chumba karibu na kazi ilikuwa nzito. Kwa hiyo watu wengi wa mshahara mdogo walikaa ng'ambo. Wa Likoni alivuka kwa kivuko. Wa Kisauni alipita daraja la kuelea la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1931. Na wa Changamwe alishika njia ya Makupa kwa miguu, alfajiri kabla ya jua kuwa kali. Fedha iliyopunguzwa katika kodi ililipwa kwa jasho la njiani.

Lakini ng'ambo ilikuwa na faida yake. Mke aliweza kupanda muhogo nyuma ya nyumba na kuchuma kisamvu chake kikawa kitoweo. Makumbi na vifuu vya nazi vilikuwa kuni za bure. Unga ulinunuliwa kwa kibaba, nao ni robo ya pishi, kwa kuwa fedha ya kununua pishi nzima haikuwapo. Na ajuaye hesabu atatambua kwamba anunuaye kidogo kidogo ndiye alipaye zaidi. Wanawake walicheza upatu, kila mmoja akitoa kiasi chake na kupokea jumla kwa zamu. Hiyo ndiyo benki yao.

Habari ya kupunguza matumizi ilikuwa imekwisha kusemwa mjini na mtu mkubwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, alitoa karatasi iitwayo Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Humo aliwakemea Waislamu wa pwani kwa israfu: mali iliyotawanywa katika arusi, ngoma na matanga, hata watu wakaingia katika madeni. Nionavyo mimi, alisema kweli. Lakini maneno yale yalimfaa mwenye kitu cha kutapanya. Kuli wa Changamwe, ambaye chakula chake kilikuwa kimoja kwa siku, angepunguza nini?

Swali hilo ndilo lililoitikisa Mombasa. Mwaka 1939 wafanyakazi waligoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwamo fedha ya kodi ya nyumba. Vita vilipokuja, bei za unga na nguo zilipanda, mishahara ikabaki nyuma. Mwaka 1945 kamati iliyoongozwa na Arthur Phillips ilichunguza manung'uniko ya wafanyakazi wa mji huo. Ndipo ikadhihirika kosa lililokuwa limefichika ndani ya hesabu yenyewe. Mshahara ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, mwanamume asiye na mke wala mtoto: posho yake, blanketi yake, sabuni yake, kodi yake. Waajiri walidhani kwamba jamaa zake wako shambani, Rabai au Taita au Ukambani, nao watajilisha wenyewe. Kumbe wengi walikuwa na watoto wao pale pale mjini, na kibaba cha mtu mmoja kiligawanywa kwa vinywa vitano.

Tarehe 13 Januari 1947 kazi zikasimama. Watu wapatao 15,000 waligoma: makuli wa gati, watu wa reli, hata wapishi na maboi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na kiongozi wao akawa Chege Kibachia. Baada ya siku kumi na kitu Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja akawasihi warudi kazini. Jaji Thacker, yule yule aliyemhukumu Jomo Kenyatta Kapenguria mwaka 1953, aliwekwa kusikiliza madai, na mishahara ya wengi ikaongezwa. Kibachia alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akahamishiwa Kabarnet, mbali sana na bahari.

Hesabu ya mtu mmoja haikufutwa mara. Ilikuwa mwaka 1954 ndipo Kamati ya Carpenter iliposhauri kwamba mshahara wa chini upimwe kwa jamaa nzima, na kwamba upandishwe polepole, kwa muda wa miaka kumi, hata ufikie mara mbili na nusu ya ule wa mseja. Serikali ilikubali asili ya shauri hilo, lakini si yote. Mtoto aliyezaliwa Changamwe wakati wa ule mgomo mkubwa alikuwa na umri wa miaka saba Kamati ilipoandika hayo, na siku zote hizo alikuwa akila. Mwezi wa Machi 1955 makuli wa gati waligoma tena, na safari hii kijana Tom Mboya alitoka Nairobi kuja kuwasaidia katika mashauri yao.